Kwanini maji ya bahari yana matabaka na hayachanganyiki?

Swali_langu: Wakuu habari, nimesoma kwamba bahari ina matabaka, juu vuguvugu chini baridi kali. Sasa maji si maji tu? Upepo upo, mawimbi yapo, mbona hayakorogeki yakawa kitu kimoja? Na chumvi mbona haitui chini kama mchanga?

Kinamaji: Nianze na chumvi mkuu. Haitui kwa sababu imeshayeyuka, sio chembe tena. Kilo moja ya maji ya bahari ina wastani wa gramu 35 za chumvi, humo gramu 19 hivi ni kloraidi, karibu 11 sodiamu, zinazobaki salfeti, magnesiamu, kalsiamu na potasiamu. Kinachonifurahisha zaidi, mkemia William Dittmar alipima sampuli 77 za maji zilizokusanywa na meli ya utafiti ya Challenger iliyozunguka bahari 1872 mpaka 1876, akakuta mgao wa chumvi hizo ni karibu uleule kila mahali. Yaani hata Bahari ya Shamu inayofika gramu 40, chumvi ni nyingi ila mchanganyiko ni uleule.

Mzamiaji: Upepo unakoroga kweli ila juu tu, makumi ya mita, sehemu nyingine mia na kitu. Hapo chini joto linaporomoka mpaka kwenye mita 1000 hivi, ndo wanaita themoklaini, halafu baada ya hapo ni nyuzi 0 hadi 4 mpaka sakafuni. Maji ya baridi ni mazito, ya joto mepesi yanaelea juu yake, kuyachanganya kunataka nguvu kubwa mno. Mi nimewahi kuupita mpaka mmoja, miguu imeshaingia kwenye baridi huku kifua bado kiko kwenye joto, na pale katikati maji yanacheza cheza kama hewa juu ya lami jua likiwa kali.

Swali_langu: Aisee! Kwahiyo hayo ya sakafuni yametoka wapi?

Kinamaji: Mengi yanatoka pembeni ya Antaktika. Bahari ikiganda, barafu inaiacha nyuma sehemu kubwa ya chumvi, maji yanayobaki yanakuwa ya chumvi zaidi na ya baridi zaidi, yanazama na kutambaa taratibu kwenye sakafu kuelekea kaskazini. Na yanashuka na oksijeni ya huko juu, ndo hiyo viumbe wa kilindini wanapumua.