Bana ba Kambo: munkoyo ya Jumamosi

ALHAMISI

Papa Mukubwa, 18:12
Bana, bonsoir. Misa ya siku 40 ya Mama, bibi yenu Kambo ninyi wajukuu, ni Jumamosi, saa mbili asubuhi. Padri ameomba ukurasa mmoja wa maisha yake, hataki zaidi. Bijou ataandika. Yule mwenye kitu cha kusema aseme hapa. Msinipigie simu mmoja mmoja, tafadhali.

Yaya Bijou, 18:15
Ndiyo Papa. Nianze na mwaka wa kuzaliwa: karte ya zamani inasema 1943, karte ya kura inasema 1946. Nifuate ipi?

Papa Mukubwa, 18:17
Andika "alizaliwa Élisabethville". Wenye kujua watajua ni kabla ya 1966, mji haujaitwa Lubumbashi.

Tantine Katuba, 18:21
Mwenyewe alisemaka alizaliwa mwaka wa nzige. Weka nzige.

Nono, 18:21
😂😂 Padri asome nzige altareni?

Tantine Katuba, 18:22
Atasoma.

Yaya Bijou, 18:40
Nimeanza hivi, mnisahihishe: "Mama yetu mpendwa alikuwa mke mwema, mkristo mwaminifu, mama wa watoto 7, mwenye upendo kwa wote, mchapakazi..."

Tantine Katuba, 18:44
Watoto 9. Mapacha wa jirani ulibaacha wapi? Balilala kwetu mpaka kuolewa.
Na hiyo yote yenye uliandika ni ya kila muntu, Bijou. Toa jina ya Mama, weka ya mama wa kule ng'ambo ya barabara, itaenda tu. Munkoyo yake, kinywaji ya mahindi na mizizi, iko wapi?

Yaya Bijou, 18:45
Nilikuwa sijafika huko Tantine 🙏

Papa Mukubwa, 18:47
Munkoyo nayo itaandikwa. Vinywaji vya Jumamosi nimeshalipa: bia ya Simba makreti 6 na sucré, yaani soda.

Tantine Katuba, 18:49
Papa Mukubwa, na heshima yote. Mama aliuzisha munkoyo soko ya Kenya, hapa kwetu Lubumbashi, miaka ngapi? Bale bamama benzake batakuya bote. Batakaa pa mikeka, tunabapatia sucré? Batatucheka mpaka Ruashi.

Papa Mukubwa, 18:50
Basi nani atapika?

(Hapa kikundi kilinyamaza. Watu 23 walisoma, hakuna aliyejibu.)

Shemeki, 19:31
Poleni wote. Niko Kasumbalesa, mpakani, foleni ya makamyo haijasogea tangu jana. Munkoyo mimi najua kuinywa tu.

Tantine Katuba, 19:36
Niseme ukweli. Mi nilikuwa wa mizizi. Kila siku mizizi. Bamama ba pori banaleta kifungu, mi naosha, naponda na jiwe mpaka inakuwa nyuzi-nyuzi sawa kamba. Inanuka udongo na maharage mabichi. Nikimaliza Mama ananituma dukani. Sikuonaka mbele.

Yaya Bijou, 19:40
Mimi nilikuwa wa uji! Unga wa mahindi, maji mengi, unakoroga mpaka ukiinua mwiko uji unashuka kama utepe. Halafu anasema "sasa toka, kapumzike". Nilifikiri ni huruma.

Nono, 19:41
Ngoja. Mimi nilikuwa wa kuchuja. Nilikuwa nakuta sufuria ina maji-maji, tamu tayari. Maisha yangu yote nimeamini Kambo aliongeza maji na sukari.

Tantine Katuba, 19:42
Sukari!! Na pesa gani?

Papa Mukubwa, 19:44
Mimi nilibeba ndoo hadi sokoni. Kwa hiyo tuko wanne na hakuna anayejua kitu cha katikati.

Patou Goma, 20:05
Nimetoka kazini sasa hivi, nasoma huku nikicheka peke yangu. Cha katikati nilikuwa mimi. Nilikuwa kidole.

Yaya Bijou, 20:05
Kidole??

Patou Goma, 20:11
Zile likizo nilizokuja kwa Koko. Anatoa sufuria motoni, anaiacha chini, ananiita. "Patou, tia kidole, hesabu." Nikiruka kabla ya tano, bado. Nikifika kumi bila kulia, anatia mizizi hapo hapo na kufunika. Siku moja nilienda kucheza nikachelewa. Niliporudi nikahesabu mpaka ishirini. Alinitazama tu. Ile siku munkoyo ilikuwa nzito, hakuuza.

Nono, 20:12
Kwanza: huku bibi tunasema Kambo, si Koko 😏

Patou Goma, 20:12
Miaka 20 mnanisahihisha, hamchoki?

Nono, 20:19
Pili: hiyo ni kemia kabisa. Mizizi ina vimeng'enya vinavyokata wanga wa mahindi kuwa sukari, ndiyo maana uji unayeyuka na kuwa mtamu bila kutia kitu. Uji ukiwa wa moto sana vimeng'enya vinakufa. Ukipoa sana vinafanya kazi polepole. Sisi chuoni tunatumia kipimajoto, Kambo alitumia mjukuu.

Yaya Bijou, 20:22
Lakini kwa nini mtoto? Si angetia kidole chake mwenyewe?

Patou Goma, 20:30
Nilimuuliza hivyo hivyo. Akanionyesha mkono. Ncha za vidole zilikuwa ngumu kama ngozi ya kisigino, zinang'aa. Akachukua kaa la moto kutoka mbabula, jiko la makaa, akalihamisha polepole kama anahamisha yai. Akasema: "Yangu haisikiake tena, mutoto. Yako ingali inasema kweli."

(Kimya tena. Mioyo 14 chini ya ujumbe huo, na mtu mmoja aliweka dole gumba, nadhani kwa makosa.)

Papa Mukubwa, 20:52
Ilianza ile miaka kampuni ilipoacha kulipa. Kabla ya hapo Mama hakuuza kitu, tulipata posho ya unga kila mwezi. Papa aliendelea kuamka, anavaa nguo za kazi, anaenda, anarudi jioni mikono mitupu. Mama hakumuuliza hata siku moja. Asubuhi moja tuliona ndoo mlangoni imefunikwa kitambaa cheupe. Akaniambia, "Beba." Nilikuwa shule ya sekondari, niliona haya mpaka kwenye masikio. Nikapita njia ya nyuma ili wasichana wasinione.
Diploma yangu imetoka ndani ya ndoo hiyo.

Tantine Katuba, 20:55
Na kikombe ilikuwa ile ile moja, ya plastiki ya bululu. Aliuzisha na zaire, 1993 ikakuya nouveau zaire, 1998 ikakuya franc. Pesa inabadilika, kikombe hapana.

Papa Mukubwa, 20:57
Nouveau zaire moja kwa milioni 3 za zamani. Alitumia wiki nzima kuwaeleza wateja. Darasani hesabu alikuwa hajawahi kukaa.

Nono, 21:03
Kuna siku moja alitoa bure. Desemba 2010, timu yetu ya Mazembe ilipoitoa Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi. Kambo alimimina ndoo yote kwa watoto wa avenue, halafu akaketi chini arukeruke na matako kama Kidiaba, kipa wa Mazembe. Aliruka mara moja. Watu watatu tulimwinua.

Papa Mukubwa, 21:04
Sisi wa Lupopo, wapinzani wa Mazembe, hatukuwepo.

Tantine Katuba, 21:04
Ulikuwa. Ulikunywa vikombe 2.

Papa Mukubwa, 21:06
Bijou, hiyo usiandike.

IJUMAA

Tantine Katuba, 15:20
Mizizi iko. Nilipata Kenya kwa mama mumoja mwenye alijua Mama, alikatala pesa. Naponda sasa. Mikono inakumbuka, mugongo hapana.

Yaya Bijou, 17:48
Sufuria ya kwanza imeharibika. Tulitia mizizi mapema, tuliogopa kuchelewa. Saa nzima sasa, imebaki uji na nyuzi za mizizi ndani.

Nono, 17:49
Si nilisema 🤦🏾

Yaya Bijou, 17:49
Ulisema, lakini uko kitandani na simu.

Patou Goma, 17:53
Kidole cha nani mlitumia?

Yaya Bijou, 17:54
Cha Tantine.

Patou Goma, 17:54
Haaa. Tantine amepika miaka 40!

Tantine Katuba, 17:58
Tulitafuta mutoto. Kale kadogo ka Bijou, miaka 6. Kanakatala mpaka kapate biskuti.

Yaya Bijou, 19:10
Sufuria ya pili iko chini. Patou, nakupigia kwa video, hesabu naye. Anajua kuhesabu kwa Kifaransa tu.

Patou Goma, 19:26
Aliruka kwa tatu. Tukangoja. Akaruka kwa saba. Tukangoja. Kisha akafika dix, akanitazama kwenye skrini akauliza kama sasa anaweza kula biskuti. Nimelazimika kuzima kamera kidogo.

Yaya Bijou, 20:41
[picha: mwiko juu ya sufuria]
Angalieni. Haishuki kama utepe tena.

Nono, 20:41
Inadondoka!!

Tantine Katuba, 20:43
Imekuwa maji. Imekuwa maji bana. Naonja.

Papa Mukubwa, 20:49
Na?

Tantine Katuba, 20:50
Ngoja naonja tena.

Papa Mukubwa, 20:58
Tantine, ukimaliza kuonja utuachie ya Jumamosi. Bijou, ukurasa?

Yaya Bijou, 21:00
Nimefuta wote. Naanza na nzige, halafu ndoo, halafu kidole. Sijui kama Padri atakubali.

Papa Mukubwa, 21:01
Nitasoma mimi.

Tantine Katuba, 21:07
Nono, toka kitandani uje kuchuja. Na nani eko na bidoni ya tano? Yenye haikukuwa ya petroli, tafadhali.