Naomba ushauri: kutembea na mama kutoka Kanisa la Mkunazini hadi Msikiti wa Mnara, Malindi

Habari zenu wana Unguja na mnaoujua Mji Mkongwe.

Mwezi ujao nampeleka mama Zanzibar. Ni mtu wa kanisa, magoti yanamsumbua, na hamu yake kubwa ni Mkunazini: kanisa la Waanglikana lililoanza kujengwa 1873, palipokuwa na soko la watumwa. Anataka akae pale aombe, aone na ule msalaba uliochongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia, mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari Livingstone. Hapo sitamharakisha.

Kutoka hapo nafikiria kanisa la Minara Miwili la Wakatoliki, kisha mtaa wa Malindi, humo humo Mji Mkongwe, tuutazame kwa nje ule mnara wa msikiti wenye umbo la pia. Misikiti ya zamani ya pwani yenye mnara wa namna hiyo ni michache mno.

Wenyeji, vichochoro gani havina ngazi nyingi? Njiani kuna baraza za kupumzikia? Ijumaa tuiache kabisa, au asubuhi inafaa? Na mama akijifunga kanga juu ya gauni inatosha kwa heshima ya mitaa ile?

Natanguliza shukrani.