Nina picha ya William Holden yenye sahihi yake. Niuze au nisiuze? Naomba ushauri

Mwana_wa_Mlima: Wakuu, hamjambo. Wiki hii sijapata usingizi. Kwetu Nanyuki kuna picha ya guka, yaani babu yangu, akiwa kijana, koti jeupe la mhudumu, sinia mkononi, na kando yake William Holden, yule mwigizaji wa Marekani. Chini ipo sahihi kwa wino wa buluu. Kuna mtu Nairobi anakusanya vitu vya waigizaji wa zamani, anatoa 90,000. Je, hiyo bei ni ya haki? Kipande cha chini nimekiweka hapa mkione.

Mzee_wa_Sinema: Kijana, kwanza ujue umeshika nini. Holden aliibuka 1939 na Golden Boy, kisha akazungushwa kwenye filamu nyepesi miaka na miaka. Sunset Boulevard ya 1950 ndiyo iliyomwinua. Stalag 17 ikampa Oscar. Kwenye The Bridge on the River Kwai, 1957, alipatana alipwe asilimia 10 ya mapato, na wenzake wachache waliwahi kupata mkataba wa namna hiyo. Hiyo niliiona na marehemu baba. Tulirudi usiku tukipiga ule mluzi wa wanajeshi njia nzima, mama akatufokea mlangoni: nani anaita nyoka saa hizi?

BintiPangani: Shikamoo Mzee, ila bei hujaijibu. Holden si ndiye aliyenunua hoteli huko mlimani na wenzake mwaka 1959, ikawa Mount Kenya Safari Club? Basi picha hiyo ina uzito wake. Lakini babu mwenyewe anasemaje? Yuko hai?

Mwana_wa_Mlima: Picha ni ya familia.

BintiPangani: Sijauliza hilo, kaka. Babu yuko hai?

Mwana_wa_Mlima: Yuko. Ana miaka 84. Hajui. Niliishusha ukutani mwezi uliopita, nikamwambia naipeleka ibadilishwe kioo. Na nimeshapokea 30,000, nimemlipia mdogo wangu karo. Kabla hamjanirukia: angefukuzwa shule Jumatatu, na guka macho yamefifia, picha yenyewe haioni vizuri. Nilitaka kumwambia baadaye, mambo yakishatulia.

MamaTatu: Mwanangu, karo ni jambo zito, nakuelewa, nimesomesha watatu kwa kibanda cha mboga. Lakini umemvua mzee kumbukumbu yake akiwa amekaa pale pale chini ya msumari. Mzee haangalii picha kwa macho tu.

Chapati_Moto: Kioo gani hicho cha mwezi mzima? Bado kinachemshwa?

Fundi_Kamera: Ngojeni. Nimekikuza hicho kipande. Kando ya sahihi pameandikwa 1982. Holden alikutwa amefariki nyumbani kwake Santa Monica Novemba 1981. Marehemu hatii sahihi. Ama picha ni ya kughushi, ama uzi mzima ni hadithi ya kututoa machozi, na kesho tutaambiwa tuchangie karo.

Chapati_Moto: Nilihisi mimi! Mwana_wa_Mlima, jitokeze.

Mzee_wa_Sinema: Msimhukumu haraka. Ni kweli 1982 hakuwepo. Alifanya kazi hadi mwisho: The Blue Knight ya televisheni, 1973, ikampa Emmy, Network ikaja 1976, S.O.B. ikatoka mwaka ule ule aliofariki. Ila picha yenyewe ni ya lini?

Mwana_wa_Mlima: Guka husema ni wakati walipokuja kupiga filamu ya simba.

Mzee_wa_Sinema: Hiyo ni The Lion, ilitoka 1962, ilipigwa huku huku Kenya. Basi tarehe hiyo imeongezwa baadaye. Na nani?

Mwana_wa_Mlima: Nimetoa picha kwenye fremu, nimeipeleka dirishani. Sahihi ni wino, umezama kwenye karatasi. Ile 1982 ni penseli, ukiigusa inaacha vumbi kidoleni. Na hiyo 2 ina shingo iliyopinda kama anavyoandika guka kwenye daftari la maziwa. Fundi, sijatunga. Ngoja nimpigie.

Fundi_Kamera: Mpigie. Mimi nipo.

Mwana_wa_Mlima: Nimerudi. Nimemuuliza mwaka huo ni wa nini, bila kumweleza kwa nini nauliza. Amesema ndio mwaka zilipomfikia habari kwamba Bwana Holden amefariki, kwa hiyo akauandika pale. Alikuwa akimsalimia kwa jina, anasema. Akanyamaza, halafu akauliza kama kioo kimekwisha.

MamaTatu: Ukamjibu nini?

Mwana_wa_Mlima: Nimesema kimekwisha. Jumamosi naipeleka. Mwenye kujua namna ya kumrudishia mnunuzi 30,000 kidogo kidogo, tafadhali anielekeze.