Mabakuli ya mwembe yanapasuka kabla ya kukauka

Wakuu, nakereza mabakuli ya mwembe mbichi kwa mashine hapa Dodoma. Kipenyo sentimita 30, kuta nimeacha sentimita 3. Kiangazi hiki chenye upepo, nyufa zinatokea ukingoni mapema sana. Nikaushe vipi?

Jibu 1
Unene uko sawa, ni sehemu ya kumi ya kipenyo. Hakikisha tu kitako hakizidi kuta: kikiwa kinene hubaki na maji huku ukingo ukisinyaa, na hapo ndipo ufa unapoanza. Adui mkubwa ni upepo. Pale nyuzi za mti zilipokatwa, maji hutoka haraka kuliko ubavuni. Yeyusha mishumaa, paka sehemu hizo nje na ndani, pamoja na ukingo wote, mara tu bakuli linapotoka kwenye mashine. Lifunge ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake, uliweke sakafuni kwenye chumba kisicho na upepo. Mfuko wa nailoni hapana, utaotesha ukungu. Maranda yakilowa, badilisha.

Jibu 2
Fundi, moyo wa gogo umeuondoa? Ukibaki ndani ya bakuli, nta haisaidii kitu. Pasua gogo kwa urefu, utupe kipande chote cha katikati.

Jibu 3
Pima kwa mizani kila wiki, andika uzito kitakoni kwa penseli. Uzito ukiacha kushuka wiki tatu mfululizo, rudisha bakuli kwenye mashine ulikereze tena liwe duara. Litakuwa limepinda kidogo kama yai; ndiyo maana unaacha unene huo.