Jogoo amegoma kuwika miezi saba, nataka njia za asili tu

Zamu_ya_Usiku
Wakuu, habari za humu. Mwenzenu nina miaka 46, ndoa ina miaka 18. Miezi saba sasa mambo ya chumbani yamelegea. Naanza vizuri, katikati kinalala kama mtoto aliyeshiba. Mama watoto hasemi kitu, anavuta shuka anageukia ukutani. Bora hata angenitukana. Vidonge sivitaki, hospitali naona aibu. Jamaa mmoja kazini kaniletea unga wa mizizi, anaapa ni asili tupu, kijiko kimoja nusu saa kabla. Sijaugusa bado. Sigara navuta nane kwa siku, pombe ni wikiendi tu. Aliyepitia haya akapona bila kemikali anishike mkono.

Bao_la_Kete
Mkuu, punguza mawazo, hicho kitu kiko kichwani. Mimi kilinilala nilipoachishwa kazi. Nilipopata nyingine kikaamka chenyewe, sikunywa hata majani.

Fundi_Saa
Huo unga usiuguse kwanza. Mimi niliulamba nikiwa na miaka 49. Baada ya dakika arobaini hivi kweli kilisimama, nikajiona kijana. Lakini uso uliwaka moto, pua ikaziba, kichwa kikawa kinagonga kama mdai mlangoni, na nikitazama taa naona rangi ya bluu pembeni. Daktari nilipomsimulia alicheka: mizizi gani inaziba pua? Watu wanasaga sildenafil, dawa ileile ya vidonge unavyovikimbia, wanaichanganya kimyakimya. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, imeonya mara nyingi kuhusu bidhaa za "asili" zilizokutwa na dawa hiyo bila kuandikwa kwenye lebo. Yaani unakimbia kemikali huku unaimeza bila hata kujua kipimo.

Huyo daktari hakuanza na habari za chumbani. Alinipima presha, kisha sukari. Sukari ilikuwa juu, na mimi kukojoa mara tatu usiku nilishajisemea ni uzee. Akageuza risiti akanichorea mirija miwili: mishipa ya damu ya huko chini ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4. Mafuta yakianza kuganda, mwembamba ndio unaoziba mwanzo. Ndiyo maana uume unaweza kulegea miaka kadhaa kabla kifua hakijabana. Ile risiti ninayo mpaka leo.

Njia za asili zipo, ila hazina haraka ya kijiko. Sigara niliacha. Wiki ya tatu nilikuwa mkali kama nyigu, watoto wakisikia mlango wanatawanyika. Nikaanza kutembea dakika 40 mara nne kwa wiki, mwendo wa kukufanya uongee kwa kukatakata. Mkanda ukarudi nyuma matundu mawili. Waitaliano walichapisha utafiti mwaka 2004 wa wanaume 110 wanene: katika waliopewa ratiba ya mlo na mazoezi kwa miaka miwili, theluthi moja hivi walirudi sawa.

La mwisho watu hulicheka: kubana msuli wa chini. Fanya kama unazuia ushuzi mbele ya wakwe na papo hapo unakata mkojo. Simama uchi mbele ya kioo: uume unaingia ndani kidogo, korodani zinanyanyuka. Makalio au tumbo likikaza, umekosea. Mimi wiki ya kwanza nilikaza mpaka meno. Unabana ukihesabu kumi, unaachia ukihesabu kumi, mara tatu umesimama, tatu umekaa, tatu umelala, asubuhi na jioni. Uingereza waliwafanyisha hivyo wanaume 55, wakatoa matokeo mwaka 2005: baada ya miezi sita asilimia 40 walikuwa wamerudi kawaida, 35 hivi wamepata nafuu, waliobaki hawakuona kitu. Mimi nilianza kuona tofauti mwezi wa tatu.

Zamu_ya_Usiku
Hapo kwenye pua nimeshtuka. Huyo jamaa wa unga kila Jumatatu anakuja kazini analalamika mafua! Swali: asubuhi kinasimama mara mojamoja tu, si kama zamani. Halafu sikusema, mwaka sasa natumia vidonge vya presha.

Nesi_Mstaafu
Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo, kaka yangu. Baadhi ya dawa za presha, hasa za kukojoza na zile za kupunguza mapigo ya moyo, zinaweza kulegeza. Usiziache mwenyewe. Mwambie aliyekuandikia, zipo za kubadilishia. Na wapo wanaotumia dawa za kifua kubana kwa sababu ya moyo, za jamii ya nitrati: huyo akilamba unga wenye sildenafil, presha inaweza kuporomoka akafa. Kuhusu asubuhi, kingesimama vizuri kila siku ningekubaliana na Bao_la_Kete kwamba ni mawazo. Kama kinafifia hata alfajiri, kapime sukari, mafuta ya damu na homoni. Aibu acha nyumbani, sisi tunaona wa namna yako kila siku.

Zamu_ya_Usiku
Kesho natoka zamu saa moja asubuhi, napitia kupima kabla sijalala. Unga naumwaga leo.

Fundi_Saa
Usiumwage, nenda nao wauone. Na mwambie shemeji unakokwenda. Wangu naye alikuwa anageukia ukutani, kumbe miezi yote hiyo anadhani nina mchepuko.