Je, mzazi aruhusiwe kumchagulia mtoto wake shule ya umma?

Mzazi wa Wawili:
Ndugu wasomaji, mtoto wangu amepangiwa shule kwa kigezo kimoja tu, yaani mtaa tunaoishi, ilhali shule nyingine ya umma, isiyo mbali sana, ina walimu wa kutosha wa sayansi. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 26, linampa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya mtoto wake. Je, haki hiyo isifike hadi kwenye shule yenyewe? Kwa utaratibu wa sasa, mwenye uwezo wa kuhama ndiye anayechagua. Sisi wengine tunapangiwa.

Mwalimu Mstaafu:
Hoja yako ya kuhama ni nzito, wala siipingi. Hata hivyo, shule haiongezeki madarasa kwa sababu wazazi wengi wameitaka, na ikishajaa, shule ndiyo huanza kuchagua watoto. New Zealand iliondoa mipaka ya maeneo mwaka 1991, na shule zilizofurika zikaachiwa zijiwekee vigezo vya kupokea wanafunzi. Mwaka 2000 sheria ikamrudishia mtoto haki ya kusoma katika shule ya eneo lake, na waombaji wa nje wakawa wanachaguliwa kwa kura ya bahati nasibu kwa nafasi zinazobaki. Niliwahi kukaa katika kamati ya kupokea wanafunzi, na nasema kwa uchungu kwamba tulipopewa hiari, tulimtazama mzazi kabla ya kumtazama mtoto.

Mlezi:
Na nauli ya kila siku italipwa na nani? Bila usafiri, ruhusa ya kuchagua ni ya wachache.

Mpenda Hesabu:
Kanuni ya kugawa nafasi nayo ina uzito wake. Katika mji wa Boston, nchini Marekani, mzazi aliyekosa shule aliyoiandika ya kwanza alikuta ile ya pili imekwisha kujazwa na walioitanguliza, hivyo wenye habari walificha shule waliyoitaka kwa dhati na kutanguliza iliyo rahisi kupata. Mwaka 2005 kanuni hiyo ilibadilishwa, ili mzazi aandike anachokitaka kweli bila kuogopa kuadhibiwa.

Mzazi wa Wawili:
Nawashukuru, hasa Mwalimu. Bado nataka ruhusa ya kuchagua, lakini katika kikao kijacho cha wazazi nitaomba pia kura ya bahati nasibu ya wazi kwa nafasi zinazobaki, na nauli kwa watoto wasio na uwezo.