Maandalizi ya Ukaguzi wa Nyumba ya Isamilo, Mwanza

Dada Mkubwa: Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama Mdogo, wadogo zangu, habari za jioni. Mnunuzi amethibitisha kwamba mhandisi wake atafika Alhamisi saa nne asubuhi kuikagua nyumba, kuanzia paa hadi msingi, ndipo tutie saini mkataba. Naomba tugawane kazi leo.

Mjomba: Marahaba, mama. Wekeni umeme wa kutosha kwenye LUKU, ile mita ya kulipia kabla, kwa sababu mkaguzi akikuta umekatika hataweza kujaribu soketi wala pampu ya tenki. Mlango wa dari nao uwe wazi, maana huko juu ndiko atakakotafuta mbao zilizoliwa na mchwa na mabati yanayovuja.

Kaka: Nimepokea, Mjomba. Kabati lililo chini ya mlango huo nitalihamisha kesho. Kinachonisumbua ni ule ukuta wa chumba cha nyuma, upande wa jabali: plasta imebanduka na chumvi nyeupe imetokeza hadi kimo cha goti. Fundi rangi anasema akipiga mikono miwili ya rangi, unyevu hautaonekana. Nimwite?

Mjomba: Usimwite. Nilikuwepo marehemu baba yenu alipoujenga ukuta huo, na tatizo lake nalijua. Mvua ikinyesha, maji huteremka juu ya mwamba kwa kuwa jiwe haliyanywi, yakajikusanya nyuma ya nyumba na kupanda ndani ya matofali. Ndiyo maana alichimba mtaro kati ya jabali na ukuta, ambao sasa umejaa udongo. Ukipaka rangi ukuta mmoja tu katika nyumba nzima, umemwonyesha mkaguzi pa kugonga. Na asipogundua, mvua za vuli zitamgundulia mnunuzi akiwa ameshalaza watoto humo.

Mama Mdogo: Ni kweli kabisa. Shemeji alikuwa akiufukua mwenyewe kila mwaka kabla ya vuli, hata miguu ilipoanza kumsumbua. Nyumba yake isiuzwe kwa kuficha.

Dada Mkubwa: Basi nitamwandikia mnunuzi usiku huu kwamba unyevu upo, chanzo chake ni hicho, na mtaro unafukuliwa. Akitaka kupunguza bei kwa ajili ya plasta, tutazungumza.

Kitinda Mimba: Mimi niko Dodoma, kwa hiyo nitatuma fedha za LUKU na za vibarua. Risiti za mabati tuliyobadilisha ninazo, nitazipiga picha. Tafadhali ondoeni pia kuni zilizorundikwa juu ya mfuniko wa karo la majitaka, ili mkaguzi aweze kuufungua.

Kaka: Tutaanza mtaro kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijalipasha jabali moto. Mama Mdogo, naomba mbwa akae kwako siku ya Alhamisi.

Mama Mdogo: Mlete Jumatano jioni. Ufunguo wa mlango wa nyuma ninao mimi, utauchukua hapo hapo.